Mashua ya mtumba kwa safari ya familia: isubirini kwanza ipwelewe

Swali, nimelifupisha kidogo: "Assalaam alaykum fundi. Sisi ni mke na mume na watoto watatu, mkubwa ana miaka 12 mdogo 5, tunakaa Bububu. Tumeweka akiba milioni 15, tunataka chombo cha tanga cha mtumba ili skuli zikifungwa Disemba tutembee visiwani, tulale fukweni, tufike kule Pemba, Misali mpaka Wete kwa babu yao. Tumeoneshwa viwili. Kimoja mashua ya futi 28 iko Mkokotoni, wanataka milioni 9, imepakwa rangi mpya inang'ara. Chengine yoti ya faiba ya futi 31, mgeni kaiacha inaelea mwaka wa nne huu, dalali anasema milioni 14 na hiyo ni bei ya kutupa. Mume wangu kaipenda yoti, mie moyo uko kwenye mashua. Tuchukue ipi? Na huyu mdogo anaweza kwenda kweli? Mama Nassra, Bububu."

Wa alaykum salaam Mama Nassra. Mumeo aniwie radhi maana leo haki nakupa wewe, ila nusu tu. Yoti iacheni. Na hiyo mashua msiitolee hata shilingi ya kishika bei mpaka muione kavu imelala mchangani, tena hata ikiwa nzima naiona kubwa kwenu, sababu ntaieleza huko mbele.

Nianze na safari yenyewe maana watu wengi wananunua chombo kwanza halafu ndo wanauliza kitakwenda wapi. Disemba kaskazi inaanza kushika, na kaskazi inatoka kaskazini mashariki, sasa chukua ramani uangalie, kutoka Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwenda ncha ya kusini ya Pemba uelekeo wake ndo huo huo kaskazini mashariki, maana yake upepo unawapiga usoni mwanzo mwisho, mnakwenda bisho, yaani upande huu na upande huu kuukabili upepo, kilomita kama 50 hivi kwa mstari ulionyooka, na kwa bisho mtazigeuza zikawa karibu mara mbili. Watu watakwambia usijali mkondo unasukuma. Kweli mkondo wa bahari ya kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, lakini hapo ndo penye tatizo lenyewe, maji yanakwenda huku upepo unatoka kule, wimbi linasimama, fupi na wima, na chombo kidogo kinapigwa pigwa mpaka watoto wanatapika nyongo. Mkondo wa Nungwi si wa kuufanyia mazoezi. Humo ndimo ilimozama MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe kwenye bahari chafu ya kusi, ule upepo wa kusini, na zile zilikuwa meli za abiria, sembuse mashua na watoto watatu. Sikutishi dada yangu, nataka tu ujue tunazungumza bahari ipi.

Kwa hiyo mie ningekuwa nyinyi Disemba ya kwanza nisingevuka kabisa. Mnakaa Bububu, hapo mbele yenu pana Bawe, mkiteremka kusini mnaingia ghuba ya Menai, kuna Kwale na Pungume, kuna vichanga vinavyotoka maji yakipwa, kisiwa cha Unguja chenyewe kinawakingia kaskazi, watoto wanajifunza kulala chomboni na nyinyi mnajua chombo chenu kinavuja wapi. Chumbe piteni mbali, pale ni hifadhi na hakutiwi nanga. Mwaka wa pili ndo Pemba, na hapo nawapa njia ambayo wengi hawaifikirii: chombo akipeleke nahodha na baharia wake, asubiri siku upepo umelegea, aondoke Nungwi alfajiri na umande, ule upepo unaotoka nchi kavu, nyinyi na watoto pandeni boti ya abiria bandari ya Malindi hapo mjini Unguja mshuke Mkoani mkutane naye. Kule sasa ndo raha, upande wa magharibi wa Pemba una visiwa na miamba inayovunja wimbi, mnakwenda Misali, mnapanda kidogo kidogo mpaka Fundo, mnaingia Wete kwa babu. Misali imo kwenye hifadhi ile ya mkondo wa Pemba, PECCA, kwa hiyo mnalipa kiingilio, nanga hamtupi juu ya matumbawe, na kulala muulize walinzi kwanza. Kurudi Unguja kaskazi iko nyuma yenu, hapo hata bibi yao mnaweza kumchukua. Likizo ya Juni sahauni, kusi imekolea.

Sasa vyombo. Ngalawa ni rahisi na inakimbia kuliko vyote lakini ni ya mchana, watu watano na masanduku na maji ya kunywa havikai, mtakaa roho juu. Jahazi ni la biashara, linataka mabaharia. Linalobaki ni dau kubwa au mashua ya kati, au bodi ya faiba ya wavuvi au ya watu wanaopeleka watalii kupiga mbizi ambayo fundi anaweza kuisimamishia mlingoti, hii ya mwisho watu wa tanga wanaidharau, mie siidharau, ila bodi iliyochongwa kwa ajili ya mashine ni pana na haina mkuku wa maana, ule uti wa chini wa chombo, ukiweka tanga inakwenda ubavu ubavu kila upepo ukiwa wa pembeni. Inafaa kwa mtu anaetaka mashine ndo kazi na tanga ndo akiba, na sidhani kama nyinyi mmeweka akiba miaka yote hiyo mkasikilize mashine.

Na hapa ndo naposema futi 28 ni kubwa. Wewe umeangalia nafasi ya kulala, mie nnaangalia foromali. Tanga letu hili la pembetatu linaning'inia kwenye foromali, na kwenye mashua ya futi 28 foromali ni mti mrefu pengine kushinda chombo chenyewe, ukiulowesha na tanga lake ni mzigo wa wanaume watatu wanne kuupandisha kwa henza, kamba yake ya kupandishia. Kupandisha ni mara moja, kazi ni kugeuza. Ukitaka kupindua tanga upepo uje upande wa pili lazima foromali isimamishwe wima ipitishwe mbele ya mlingoti, mtu yuko omo, mbele ya chombo, anaishika mguu wake, mwengine anazunguka na demani, kamba ya kuongozea tanga, mwengine yuko kwenye kana, mkono wa usukani, na wakati wote huo tanga linapiga kwa nguvu na mtoto wa miaka mitano yuko chini yake anauliza tunafika saa ngapi. Mke na mume hamuwezi peke yenu. Mtasema tutamchukua baharia, sawa mchukueni, hata kwenye chombo kidogo mwaka wa kwanza nataka mumchukue, lakini chombo ambacho hakiendi bila ya watu wa kukodi hakitakuwa chenu. Tafuteni futi 22 mpaka 24. Kulala mtalala nchi kavu au mtabanana chini ya turubai, watoto ndo wanavyopenda. Jengine la tanga letu hili, halipunguzwi kirahisi upepo ukizidi, kwa hiyo ulizeni kama chombo kina tanga dogo la pili, kama hakina lishonesheni, hilo si la hiari.

Haya, ukaguzi. Bila huu mengine yote ni maneno.

Nendeni siku ya bamvua. Mwezi mpevu au mwandamo, siku moja mbili baada yake maji yetu yanapanda na kushuka kama mita nne, na kwa bahati nzuri huku kwetu maji ya bamvua yanakupwa mwisho kwenye saa nne saa tano asubuhi, wakati akina mama wako kwenye mwani, kwa hiyo mna mwanga wa kutosha. Mwambieni muuzaji akilete chombo kipwelewe pwani usiku wake, nyinyi mfike mapema kabla maji hayajakimbia yote. Akianza kusema ah leo haiwezekani, chombo kizima hiki mbona kimeelea hapa mwaka mzima, mshukuruni mrudi nyumbani. Chukueni fundi wenu, na fundi wenu maana yake mtu mnaemlipa nyinyi, si yule aliyekuja na dalali, maana yule analipwa mkinunua. Chukueni kisu cha ncha, nyundo ndogo, tochi na ndoo.

Chombo kikianza kukauka msikimbilie kushika shika, kaeni chini mkiangalie. Maji yaliyomo ndani ya ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, yanatafuta njia ya kutoka, na pale yanapotokea ndipo yanapoingilia chombo kikielea. Fundi mwenye akili haulizi kinavuja wapi, anachuchumaa upande wa kivuli anaangalia matone. Tone moja kwenye maungio ya mbao, linatulia, linadondoka, baada ya muda jengine, hiyo ni kalafati tu imechoka, mnatoa pamba ya zamani mnatia mpya na mafuta, kazi ya siku chache. Mkiona unyevu unatoka mstari mzima kando ya mkuku, au unatoka penye kichwa cha msumari na umebeba rangi ya kutu, hapo simameni. Ubao wa kwanza ule ulioshikana na mkuku ndo ubao ghali kuliko wote, si kwa bei ya mbao bali kwa kazi, kuutoa lazima ulegeze mengine.

Kikishakauka ndo kisu. Chomeni taratibu, msichome juu palipokauka na jua, chomeni kando ya mkuku, chini ya mlingoti ndani, na pale tezi, nyuma ya chombo, ubao unapokutana na nguzo ya usukani. Mbao nzima inakataa, ncha inaingia kidogo tu na ukiichomoa inakwaruza. Mbao iliyooza inaipokea ncha kimya, haina ubishi, na ukigeuza kisu inatoka unga mweusi au nyuzi laini za maji. Mkiona vitundu vidogo vingi vya ukubwa wa kichwa cha pini chini ya mstari wa maji, hao ni wadudu wa baharini wanaotafuna mbao, na kitundu cha nje ni mlango tu, ndani handaki linakwenda na ubao urefu wake, unaweza ukakuta ubao umebaki ganda. Ndo maana wazee wanakipandisha chombo kila baada ya muda wanakichoma chini kwa makuti makavu halafu wanapaka deheni ya shahamu, moto unaua kilichoingia na shahamu inazuia kinachotaka kuingia. Muulizeni mwenye mashua mara ya mwisho kachoma lini. Akijua kwa mwezi ni dalili nzuri, akisema "huchomwa" tu bila kusema nani kachoma na lini, hmm.

Halafu ingieni ndani mnyanyue zile mbao za kukanyagia. Mnaangalia mataruma, zile mbavu za chombo. Yagongeni moja moja na nyundo, taruma zima lina sauti ya juu ya mti, lililooza linameza pigo. Taruma la mtondoo linadumu sana, lakini waliotengeneza baadae wakati mwengine wanapachika kipande cha mti wowote, mtakuta mawili matatu ya rangi tofauti, hilo si baya peke yake, baya ni likiwa halikufika kwenye mkuku, limekatwa juu juu likapigiliwa kuficha ufa. Misumari nayo. Toeni mmoja, muombeni ruhusa muuzaji, fundi atoe msumari mmoja tu chini ya maji na aurudishe mwengine. Ukitoka mwembamba katikati basi yote iko hivyo na mnanunua mbao zilizoshikwa na rangi.

Ambayo inanileta kwenye hiyo rangi inayong'ara. Mie chombo kinachouzwa na rangi ya juzi kinanitia wasiwasi kuliko kilichochakaa. Rangi mpya imeziba matone, imeziba vitundu, imeziba mistari ya kutu, yaani kila nilichokwambia uangalie. Pengine mwenyewe ni mtu msafi tu anapenda chombo chake, wapo, lakini basi atakukubalia fundi akwangue sehemu tatu nne za ukubwa wa kiganja, huyo mpeni heshima yake. Akikataa kisikwanguliwe basi na nyinyi msikinunue.

Mlingoti, foromali, usukani, hivyo vinaonekana na vinabadilishwa, msiumize kichwa. Tanga livuteni kwa mikono miwili karibu na dasi, ile kamba ya ukingoni mwake, likipasuka kwa mkono wako wewe upepo utalifanya nini. Na ulizeni farumi, uzito wa chini wa kukituliza chombo, maana mashua zetu zimezoea mzigo, zikiwa tupu zinakuwa nyepesi zinalala ovyo, kwa familia mtahitaji viroba vya mchanga chini na vifungwe visihame upande mmoja chombo kikiinama.

Sasa yoti, kwa ajili ya mumeo, asije akasema sikumsikiliza. Yoti za faiba nzuri zipo na kuna siku mtu anapata. Hizo zinazofika kwetu ni za wageni wanaopita kutoka Mombasa, Kilifi, Shelisheli, Mayotte, Afrika Kusini, mtu anaishiwa pesa au anaugua au wanaachana na mkewe katikati ya safari, chombo kinabaki. Bei inakuwa chini kweli. Lakini angalieni kilichoning'inia juu yake. Kwanza chombo cha mgeni kinaingia kwa ruhusa ya muda, kikiuzwa kwa mkaazi wa hapa ushuru na kodi vinaamka, na msitegemee vihesabiwe kwa bei mliyonunulia wala huruma, nendeni forodha mkaulize mpewe kwa maandishi kabla, si baada. Pili nani anauza? Dalali hana chombo, mlinzi anaedai mishahara yake hana chombo, anaeuza ni yule aliyeandikwa kwenye cheti cha usajili wa huko chombo kilikotoka, na sahihi yake lazima iwepo. Bila ya hiyo mnanunua kesi.

Tatu, hali yenyewe. Miaka minne kwenye jua letu na chumvi bila mtu. Matanga yaliyoachwa juu yameshakufa, mtayashika yatatoka unga. Waya zinazoshikilia mlingoti kawaida zinahesabiwa miaka 10 mpaka 15, na stenlesi inadanganya, nje inang'aa, inakatika ndani ya kile kikombe cha mwisho usipopaona. Mashine ya dizeli iliyokaa na maji ya chumvi ndani muichukulie ni chuma chakavu mpaka iwake mbele yenu ikiwa baridi. Zile valvu za chini zinazoingiza maji, kila moja ijaribuni, iliyoganda au iliyogeuka pinki ikigongwa inavunjika na hapo chombo kinashuka chini papo hapo. Sakafu ya juu pigeni kwa sarafu mkitembea, nyingi zimetiwa mbao nyepesi katikati ya matabaka mawili ya faiba, pakavu panalia, palipoingia maji panatoa sauti ya kugonga fenesi bivu. Kulikarabati hilo ni kazi kubwa na chafu. Malengelenge ya chini ya bodi watu wanayaogopa sana, mie nayaogopa kidogo tu, si mabaya kama anavyodai dalali wa kununua, wala si mepesi kama anavyodai dalali wa kuuza.

Nne, na hii ndo iliyonifanya niseme iacheni bila hata kuiona: yoti ya futi 31 ya kawaida ina mkuku mmoja mrefu wa chuma au risasi, inakula maji mita moja na nusu au zaidi. Haikai mchangani, ikipwelewa inalala ubavu na maji yakirudi yanaweza kuingia kabla haijainuka. Pwani yetu uzuri wake wote ni kwamba unaingia maji yakijaa, chombo kinakaa, watoto wanashuka kwa miguu, fundi anafanya kazi yake chini bila ya winchi wala bandari. Yoti ya mkuku mrefu inawanyima yote hayo, mtakuwa mnatia nanga mbali mnapanda kihori. Kama mumeo moyo wake uko kwenye faiba basi atafute zile za Kiingereza zenye mikuku miwili pembeni, zimetengenezwa makusudi kwa bahari zinazokauka, zinasimama wima zenyewe mchangani. Au katamarani ndogo za plaiwudi na epoksi za michoro ya James Wharram, zile zimefungwa kwa kamba badala ya bolti, fundi yeyote wa Nungwi akiitazama nusu saa ameshaielewa. Hazionekani kila siku. Akiipata anitafute.

Makaratasi ya mashua ni mepesi zaidi lakini yana mtego wake na mtego wenyewe ni urithi. Vyombo vingi vya Mkokotoni na Tumbatu na Nungwi ni vya marehemu, anaeuza ni mtoto mkubwa au ami, na ndugu wengine wako Dar au Oman hawana habari. Mnanunua, mnatengeneza, chombo kinapendeza, ndo anatokea mtu na fungu lake. Ulizeni wazi wazi, chombo hichi cha nani, na kama ni cha mirathi nataka warithi wote au uwakilishi wao. Ulizeni pia kama kina shirika, maana mwengine ana bodi mwengine ana tanga na nyavu. Mauziano yaandikwe mbele ya sheha na mashahidi wa pande mbili. Halafu chombo kinasajiliwa na kukaguliwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA, mwende nao mapema wawaambie wanataka nini kwa chombo cha kutembelea, msije mkashtukizwa na kikosi cha KMKM cha kuzuia magendo njiani hamna hata karatasi moja.

Pesa. Milioni 15 zenu zigaweni hivi, chombo kisizidi 8 au 9, na kwa futi 22 mpaka 24 mnayo nafasi ya kukaa chini ya hapo mkipatana kwa utulivu. Zinazobaki si za akiba, zina kazi: kalafati na deheni, tanga dogo, kamba mpya zote, nanga mbili na amari, kamba ya nanga, iliyo ndefu, mashine ndogo ya kupachika ya kuwatoa upepo ukifa, redio ya VHF ambayo chaneli 16 ndo ya kuombea msaada, na turubai zuri. Turubai si la jua tu. Wewe ni mama, na una binti anakua, hamtaki kujisaidia mbele ya baharia wa watu, mtengee pahala tezi pa pazia na ndoo yenye mfuniko, wanaume hawalifikirii hili mpaka siku ya safari. Jiko la mkaa liwekwe ndani ya sanduku la mchanga, na lizimwe kabla tanga halijapanda.

Mahala pa kutafuta, msingoje dalali. Tembeeni wenyewe kusi ikiwa kali, Julai Agosti, vyombo vingi vimepandishwa pwani vimekaa vikavu na unaviona matumbo yao bila kuomba ruhusa. Mkokotoni, Nungwi, Fumba, Kizimkazi, na Pemba msiisahau, babu yao wa Wete mpeni kazi hii, mtu wa pale akiulizia bei anapewa bei tofauti na nyinyi mkishuka na gari. Kwa miezi hiyo pia wauzaji hawana haraka ya msimu.

Mtoto wa miaka mitano anakwenda, kwa nini asiende, watoto wa Kojani na Tumbatu wanakulia humo. Lakini laifu jaketi iwe ya kilo zake yeye, si ya kaka yake, na iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, bila ya huo akianguka inapanda kichwani yeye anabaki chini. Anaivaa kabla hajakanyaga chombo anaivua akishakanyaga mchanga. Wote watano mjifunze kuelea kabla ya Disemba, wewe pia, maana mama ndo wa mwisho kujifunza sikuzote. Na kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema upepo mkali na mawimbi makubwa mnabaki mnapika pweza.

Ile ya Mkokotoni bado naitaka niione, hata kama si ya kwenu pengine itamfaa mwengine. Mkienda bamvua ijayo nipigieni picha nne: ngama ikiwa imefunuliwa, ubao wa kando ya mkuku pande zote mbili, tezi karibu na usukani, na foromali ikiwa imelazwa chini mtoto wenu mkubwa amesimama pembeni yake nijue urefu. Na jina la mwenye chombo kama lilivyo kwenye karatasi, si la anaeuza.